Marubani, Setilaiti na Milima ya Uluguru

Mwananchi wa Visiwani apandaye ndege Dar es Salaam kwenda Dodoma, akijaliwa kupata kiti cha dirishani upande wa kushoto, huiona milima ya Uluguru kabla safari haijafika nusu. Wakati wa kiangazi milima hiyo husimama wazi, na mji wa Morogoro huonekana umelala miguuni pake. Wakati wa masika haionekani kabisa. Kionekanacho ni wingu zito jeupe, limetua mahali pale pale ambapo mlima ungepaswa kuwapo. Abiria hulitazama wingu hilo kidogo, kisha akarudia gazeti lake. Rubani hawezi kulitazama hivyo, maana yeye anajua kilichomo ndani.

Neno hili rubani tumelirithi baharini. Kabla ya kuwapo ndege, rubani alikuwa yule mzee aliyeijua miamba na mafungu ya mlango wa bandari, akakaa mbele ya chombo akimwelekeza mshika usukani mpaka nanga ikatiwa. Nahodha aliijua njia ya Bara Hindi na ya Arabuni kwa nyota, nasi tuliokaa mbele ya walimu wa chuoni twajua tangu utotoni kwamba nyota ni alama za msafiri gizani. Lakini kuingia bandarini usiku, nyota hazikumtosha nahodha hata kidogo. Nyota humwambia mtu yupo wapi. Hazimwambii mwamba upo wapi. Tunawaomba wasomaji waikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu karibu yote tutakayoyasema leo yanaizunguka.

Siku hizi binadamu amejitengenezea nyota zake mwenyewe. Ni setilaiti zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ndege, meli na hata simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa Darajani husoma mawimbi yake na kujua mahali zilipo. Wataalamu wa anga wamekwenda mbele zaidi: wanazitumia nyota hizo kuishusha ndege mpaka karibu kabisa na ardhi, ndani ya wingu, mvuani au usiku, bila kuwapo mtambo mkubwa wa redio pale uwanjani. Jambo hili limo katika mipango ya mataifa tangu mwaka 2007, na tena mwaka 2010, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipoyataka mataifa wanachama yaweke njia za kutua zenye mwongozo wa kimo katika ncha zote za njia za kurukia zinazotumiwa kwa vyombo, lengo likiwa mwaka 2016. Mwaka huo umekwisha kupita zamani.

Msomaji wa Unguja au wa Pemba atauliza: yatuhusu nini sisi milima ya Waluguru? Yatuhusu kwa mengi. Wawakilishi wetu na watumishi wa Serikali huipita milima hiyo kila waendapo Dodoma. Vijana wetu wanasoma Mzumbe na katika Chuo Kikuu cha Sokoine, chini ya mlima huo huo. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Uluguru ni mahali pagumu. Utaratibu utakaofaa Morogoro, penye mlima, utafaa zaidi Chake Chake na Mafia, pasipo na mlima. Na makosa yatakayofanyika huko ndiyo yatakayofanyika huku.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa hatupendi kuwatwisha wananchi maneno wasiyoyaona maana. Ndege inayotua vizuri hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3. Katika kila kilomita 1 iendayo mbele, hushuka kama mita 52. Mtambo wa zamani wa redio, unaotumika katika viwanja vikubwa duniani kote, hurusha mwale mmoja wa kumwambia rubani kama yupo kushoto au kulia, na mwale mwingine wa kumwambia kama yupo juu au chini mno. Ni mtambo mzuri na umeokoa watu wengi. Ila una masharti yake: huhudumia ncha moja tu ya njia ya kurukia, huhitaji uwanda uliosawazishwa mbele yake, umeme usiokatika, na ndege maalumu ya kuja kuupima mara kwa mara. Mlima, jengo, hata lori lililoegeshwa vibaya, huweza kuupotosha mwale. Ndiyo maana viwanja vidogo vya Afrika, ambavyo ndivyo vingi, havikuupata.

Setilaiti huondoa mengi katika masharti hayo. Kipokezi cha kawaida hukosea mita chache kwa upana, na zaidi kwa kimo, na mita chache ni nyingi kwa chombo kinachoifuata ardhi kwa mwendo wa kasi. Basi zimebuniwa njia za kulisahihisha kosa hilo. Ya kwanza ni kuweka uwanjani kituo chenye vipokezi vilivyopimwa mahali pake barabara. Kituo hulinganisha mahali kinapojua kuwa kipo na mahali setilaiti zinapodai kuwa kipo, kisha kikairushia ndege masahihisho. Kituo kimoja huhudumia ncha zote za uwanja. Bremen huko Ujerumani ilianza kukitumia mwaka 2012, na Sydney mwaka 2014. Njia ya pili ni kutandaza vituo katika eneo zima la nchi nyingi na kuyatuma masahihisho kutoka juu, kwa setilaiti iliyosimama mahali pamoja angani. Hapo uwanja hauhitaji mtambo wowote wa namna hiyo. Marekani ina zaidi ya njia 4,000 za kutua za aina hii, nyingi katika viwanja vidogo vya miji midogo, na rubani aweza kushuka mpaka futi 200, yaani mita 60 hivi, kabla ya kulazimika kuiona ardhi kwa macho yake. Njia ya tatu, iliyo nyepesi kwa nchi isiyo na fedha, huiachia setilaiti kazi ya kushoto na kulia, na kimo kikapatikana kwa chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa kilichomo ndani ya ndege. Hiyo ya tatu tutairudia, maana ina mtego.

Sasa turudi Uluguru.

Mji wa Morogoro upo katika kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kusini yake, katika umbali wa kama kilomita 10 tu, kimesimama kilele cha Bondwa chenye mita 2,120 hivi, na juu yake imesimikwa milingoti ya mawasiliano. Kusini zaidi, Kimhandu hupita mita 2,600. Tuchukue kalamu tupige hesabu ndogo. Ndege ishukayo kwa nyuzi 3, ikiwa kilomita 10 kutoka kiwanjani, huwa juu ya kiwanja kwa mita kama 520. Bondwa imeinuka juu ya mji kwa mita 1,600. Hivyo mwale mnyofu kutoka kusini, hata ungerushwa na mtambo bora wa dunia, ungepita ndani ya jiwe.

Na jiwe hilo limevikwa nguo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zile zile zinazoinywesha mikarafuu yetu, huendelea Bara zikiwa zimebeba mvuke, zikaugonga ukuta wa Uluguru, zikapanda, zikapoa, zikawa wingu na mvua. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi ulio kivulini. Maji hayo ndiyo Mto Ruvu, na Mto Ruvu ndio unaonyweshea Dar es Salaam. Ni neema ambayo kila mkazi wa Pwani anaila bila kujua. Kwa rubani neema hiyo hiyo ni pazia.

Dunia imekwisha kuonyesha kuwa mahali kama hapo si lazima papigiwe marufuku. Huko Juneau, katika jimbo la Alaska, mji uliobanwa kati ya milima na mlango wa bahari, tangu mwaka 1996 ndege huingia kwa njia zilizopangwa kwa setilaiti, zikikunja kona baina ya milima kwa kuufuata mstari uliomo katika kompyuta zake. Mwaka 2006 China ilifanya vivyo hivyo Linzhi, katika bonde la Tibet lililozungukwa na vilele virefu mno kuliko vyetu. Mwale wa redio haukunji kona; mstari wa setilaiti hukunja.

Kwa ndege ndogo zitumiazo kiwanja cha Morogoro hapahitajiki ustadi wa Tibet. Kaskazini ya mji ni tambarare iendayo Dakawa na Wami, na njia ya kuingilia yaweza kupangwa itoke upande huo. Ugumu upo mahali ambapo asiye rubani hapafikirii. Rubani ameshuka ndani ya wingu, amefika kimo alichoruhusiwa, ameangalia mbele hakuiona njia ya kurukia. Sheria yamtaka apae tena. Apae akielekea wapi? Mbele yake pana Uluguru. Basi njia ya kupaa tena yapasa ipimwe na kuchorwa kwa uangalifu ule ule, au zaidi, kuliko njia ya kushuka, ili imkunje rubani mapema ikamrudisha tambarare. Hiyo si kazi ya setilaiti. Setilaiti haimjui Bondwa. Ni kazi ya mpima ardhi mwenye buti, aliyepanda mlimani na vyombo vyake.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa kwa ajili ya milima iliyojificha. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 wakafa. Tarehe 19 Oktoba 1986 tulimpoteza Rais Samora Machel pamoja na wenzake zaidi ya 30 katika vilima vya Mbuzini, mpakani mwa Afrika Kusini na Msumbiji. Ndege yake ilikunja kona mahali pasipo pake, usiku, na ubishi juu ya alama ya redio iliyoifuata haujesha hata leo: tume ya makaburu iliwalaumu marubani, na Warusi wakasema palikuwapo alama ya uongo. Tunaukumbusha msiba huo kwa sababu mbili. Kwanza, kwamba mwongozo wa redio, wa ardhini au wa angani, ni wa kuaminiwa kwa kadiri anavyoaminiwa anayeurusha. Pili tutaieleza mbele.

Karibu zaidi na sisi, usiku wa tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemen iliyokuwa ikielekea Hahaya, Ngazija, iliangukia baharini. Watu 152 walikufa katika 153, na binti mmoja akaokolewa baada ya kushikilia kipande cha ndege majini kwa saa nyingi. Uwanja ule ulikuwa na mtambo wa kutulia kwa ncha moja. Upepo wa usiku ule ulitaka ncha ya pili. Na ncha ya pili ilimtaka rubani azunguke kwa macho, gizani, baina ya bahari na mlima. Wachunguzi waliona kosa katika namna marubani walivyoiendesha ndege hata ikaacha kuelea, wala sisi hatuna elimu ya kuwapinga. Ila twauliza kama mtu apaswe kuachiwa macho matupu katika saa kama ile, iwapo upo utaratibu unaoweza kumshika mkono kwa ncha zote mbili.

Kisha Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, katika hali mbaya ya hewa, ndege aina ya ATR 42 iliyobeba watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja. Wenzetu 19 walifariki, na 24 wakatoka, baadhi yao wakivutwa na wavuvi wa mitumbwi. Hatusemi, na asitunukuu mtu kuwa tumesema, kwamba setilaiti ingewaokoa wale 19. Ajali huwa na sababu nyingi zilizoshikana. Twasema tu kwamba miezi michache kabla yake, Aprili 2022, ndege ya ukoo huo huo wa ATR ilitua Kishangarh, kiwanja cha mji mdogo huko Rajasthan, India, kwa kuongozwa na masahihisho ya setilaiti ya nchi yao. Chombo ni kile kile. Tofauti ilikuwa katika kilichoandaliwa nje ya chombo.

Wapo watakaosema kuwa Morogoro haihitaji ndege. Treni ya umeme ilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, inafika chini ya saa 2, na hapana mtu mwenye akili atakayeacha treni hiyo akapande ndege. Ni kweli, nasi twaipanda. Lakini kiwanja si cha abiria wa biashara peke yao. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, na zaidi ya watu 100 walikufa, wengine siku hiyo na wengine baada ya kuteseka kwa majeraha ya moto. Majeruhi wengi iliwapasa wafikishwe Muhimbili, mwendo wa kilomita zaidi ya 190. Siku kama ile haichagui hali ya hewa. Aidha, mafuriko ya bonde la Kilombero hukata barabara katika miezi ile ile ambayo wingu hushuka. Waliozaliwa Pemba au Mafia hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanajua maana ya mgonjwa aliyelazwa kitandani akingoja mawingu yafunguke.

Sisi wenyewe, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa ndani ya ndege ndogo ikielekea mji mmoja wa nyanda za juu. Rubani alizunguka mara mbili juu ya ukungu, kisha akatangaza kuwa tunarudi. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiwahi maziko ya mwanawe, hakusema neno. Alifunika uso kwa ukaya wake mpaka tulipotua. Rubani alifanya lililo haki, na tulimshukuru. Lakini tangu siku hiyo kila tusikiapo kwamba viwanja vidogo vitashughulikiwa baadaye, twamkumbuka yule mama.

Sasa ni kipi kinachotakiwa? Wanunuzi wa mitambo hupenda kuanza na mitambo. Serikali ilinunua rada 4 kwa shilingi bilioni 67.3, mradi uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2018, na zilihitajika. Rada humwonyesha mwongozaji ndege zilipo. Haiishushi ndege. Katika jambo hili la setilaiti, sehemu kubwa ya gharama haionekani wala haikatiwi utepe. Ni kuipima nchi. Kila kilima, kila mlingoti, kila paa refu na kila mti ulio katika njia ya ndege yapasa ujulikane mahali pake na kimo chake kwa kipimo kimoja kinachokubaliwa na dunia nzima. Kisha vipimwe tena, na tena. Mkaratusi uliopandwa mwaka jana si ule wa mwaka huu. Kampuni ya simu huweza kusimika mnara juu ya kilima katika juma moja, na mwaka ukapita kabla mchora ramani za anga hajapata habari. Hapa ndipo tunapomrudia mzee rubani wa jahazi. Elimu yake haikuwa ya nyota. Ilikuwa ya miamba, naye aliipata kwa kupita pale kila msimu na kuona fungu lililosogea.

Na ule mtego wa njia ya tatu, ya mgandamizo wa hewa, ni huu. Chombo cha ndege hupata kimo sahihi iwapo tu rubani amepewa tarakimu sahihi ya mgandamizo wa mahali hapo saa hiyo. Mei 2022, katika uwanja mkuu wa Paris, mwongozaji alitamka 1011 badala ya 1001. Kosa la tarakimu moja, katika nchi tajiri, mbele ya mitambo ya kila namna. Ndege iliyokuwa ikishuka ndani ya mvua kwa utaratibu huu ilijikuta chini kwa zaidi ya mita 80 kuliko ilivyoamini, ikafika futi 6 kutoka ardhini kabla ya njia ya kurukia kuanza, ndipo ikapaa. Mungu aliwanusuru. Basi kiwanja kisicho na kipimo cha hewa kilichosahihishwa, wala mtu aliyefunzwa kukisoma na kuzitamka tarakimu moja moja, kisipewe njia ya namna hii kwa ajili ya kupamba taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kazi hapa sawa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pengine zaidi.

Liko pia suala la nyota ni za nani. Setilaiti hizi ni za Marekani, za Urusi, za China na za Umoja wa Ulaya. Zile za Marekani ziliahidiwa kwa ndege za raia baada ya ndege ya abiria ya Korea kudunguliwa tarehe 1 Septemba 1983 ikiwa na watu 269, ilipopotea njia ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti. Ahadi hiyo imetimizwa, na hatuna sababu ya kuibeza. Lakini mawimbi yake ni dhaifu mno yafikapo ardhini, na anayetaka kuyavuruga hahitaji jeshi kubwa. Aprili 2024 shirika la ndege la Finland lilisimamisha safari zake za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakivurugwa na uwanja ule ulikuwa umeyategemea hayo peke yake. Iliwabidi warudie njia za redio za ardhini. Hii ndiyo sababu ya pili ya kumkumbuka Samora: alama ya uongo, ambayo wakati ule ilibishaniwa kama inawezekana, leo ni jambo la kila siku katika nchi zilizo karibu na vita. Asije mtu akatushauri kung'oa mitambo ya zamani ya Dar es Salaam na Unguja ati kwa kuwa ya kisasa imekuja.

Tena tupo karibu na ikweta. Tabaka la juu la anga, liitwalo ionosfia, huchafuka katika ukanda wetu baina ya magharibi na usiku wa manane kuliko lifanyavyo Ulaya, na mawimbi ya setilaiti yapitapo humo hucheleweshwa au kukatikakatika. Masahihisho yaliyotengenezwa kwa anga ya Ulaya hayawezi kuchukuliwa kama yalivyo yakatandazwa juu ya Morogoro. India ilikutana na shida hiyo na ikabidi ifanye hesabu zake yenyewe. Huko magharibi mwa Afrika, shirika la ASECNA lenye makao yake Dakar, ambalo Komoro ni mwanachama wake, lilianza mwaka 2020 kurusha mawimbi ya majaribio kwa kutumia setilaiti ya Naijeria. Kwa hiyo Ngazija imo katika mpango huo, nasi majirani zake hatumo. Hatudai kuwa tujiunge kesho. Lakini Afrika Mashariki inayo taasisi yake ya usalama wa anga pale Entebbe, na swali la vituo vya kupimia anga ya ikweta, viwekwe wapi na vimilikiwe na nani, ni swali la kukaliwa na nchi zote pamoja. Kujitegemea hakumlazimishi kila mtu kurusha setilaiti yake. Huanza kwa kuijua anga yako kuliko mgeni anavyoijua.

Limebaki la utawala, nalo tutalisema wazi kwa kuwa gazeti hili husomwa ofisini. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Viwanja vya Bara vina mamlaka yake, na vya Zanzibar vina mamlaka yake. Vipimo vya ardhi vipo katika wizara nyingine, hali ya hewa katika taasisi nyingine, na vibali vya minara kwingine kabisa. Kila mmoja aweza kufanya kazi yake vizuri na mlingoti mmoja ukabaki haumo katika ramani, kwa sababu kila ofisi iliamini kuwa jirani yake ameuandika. Wananchi wa Visiwani tuliozika watu wetu mwaka 2011 pale Nungwi na mwaka 2012 karibu na Chumbe tunaijua hali hiyo. Meli zile nazo zilikuwa na makaratasi, na makaratasi yalikuwa na mihuri.

Maoni yetu ni kwamba Morogoro ifanywe mahali pa kujifunzia. Dodoma inao uwanja mpya wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi Oktoba 2022, na uwanja wa namna hiyo hautakosa wataalamu wala fedha. Morogoro yaweza kuzikosa zote mbili. Wapima ardhi vijana wa Bara na wa Zanzibar wapelekwe pamoja, waupime upande wa kaskazini wa Uluguru kuanzia Bigwa mpaka Bondwa, waichore njia ya kushuka na ile ya kupaa tena, na marubani waijaribu siku za jua kwanza, kwa miezi, kabla haijatumiwa katika wingu hata mara moja. Kazi hiyo ikikamilika, vijana hao hao waje Pemba na Mafia.

Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, na sehemu yake ya kwanza ni masika ya Uluguru. Wabunge wetu wataruka kando ya wingu lile, wengine zaidi ya mara moja. Tunawaomba, wakisimama kuuliza, wasiulize kwanza ni lini mtambo utanunuliwa. Waulize milingoti ya Bondwa ilipimwa lini mara ya mwisho, na ni ofisi ipi iliyo na tarakimu zake.